Tuta, bwawa, nafasi au tahadhari: kulinganisha njia nne za kukabili mafuriko ya mito

Mto unapofurika, maji yaliyozidi uwezo wa mkondo wake hayapotei; hutafuta mahali pengine pa kukaa kwa saa chache, kwa siku kadhaa au kwa miezi. Kila njia ya kukabili mafuriko, iwe ya zege au ya filimbi, ni jibu la swali moja: maji hayo yaende wapi, na nani akae nayo. Wajumbe wa kamati za maafa, madiwani wanaoombwa kupitisha bajeti, wakazi wa nyanda za chini wanaoambiwa wahame, na hata wanafunzi wanaosoma mada hii, hukutana na mapendekezo manne ambayo kila mtetezi huyanadi kana kwamba mengine matatu hayapo: kujenga matuta kandokando ya mto, kujenga bwawa, kuupa mto nafasi, au kuweka mfumo wa tahadhari ili watu waondoke mapema. Makala haya yanaziweka njia hizo nne sambamba, kwa kutazama nchi ambazo zimezijaribu kwa muda wa kutosha kuonyesha uzuri wake na aibu zake.

## Tabia ya mto kwanza

Mafuriko ya mito hayana chanzo kimoja, na tofauti ya chanzo ndiyo inayoamua njia ipi ina maana. Nchini Bangladesh, maji ya mito ya Ganges, Brahmaputra na Meghna hutokana na mvua za monsuni pamoja na theluji inayoyeyuka Himalaya, na zaidi ya asilimia 90 ya eneo linalochangia maji hayo liko nje ya mipaka ya nchi. Mito ya aina hiyo hupanda polepole, hukaa juu kwa wiki nyingi na kushuka kwa kusitasita; mwaka 1998 takriban theluthi mbili ya nchi ilifunikwa, na mafuriko yalidumu kwa zaidi ya miezi miwili.

Bonde la Ahr nchini Ujerumani ni kinyume cha hayo yote. Ahr ni mto mdogo uliobanwa na milima, na usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Julai 2021 ulipanda kwa saa chache tu na kuua zaidi ya watu 130. Kijiji cha Boscastle, kusini-magharibi mwa Uingereza, kilipata mafuriko ya ghafla ya namna hiyo tarehe 16 Agosti 2004, magari yakasombwa hadi bandarini, lakini hakuna aliyekufa. Maji yalikuja mchana, watu waliyaona yakija, na helikopta zikawaokoa waliokwama juu ya paa. Ukubwa wa mto, kwa hiyo, hausemi mengi kuhusu hatari yake. Kinachosema zaidi ni muda ambao mto hutoa kati ya mvua kunyesha na maji kufika mlangoni.

Juu ya mvua huja mikono ya binadamu. Mto Yangtze ulipofurika mwaka 1998, ukaua maelfu na kuwaondoa mamilioni katika makazi yao, mvua zilikuwa kubwa kweli. Lakini miteremko ya juu ilikuwa imekatwa misitu, na maziwa ya bonde la kati kama Dongting, ambayo zamani yalikuwa yakimeza maji ya ziada, yalikuwa yamepungua kwa mashapo na kwa kugeuzwa mashamba. Mwaka huohuo serikali ya China ilipiga marufuku ukataji wa misitu ya asili katika sehemu ya juu ya bonde. Nchi nyingi zimefikia hitimisho hilohilo kwa namna hiyohiyo, baada ya mazishi.

## Vigezo vya kulinganishia

Kila njia hapa chini imepimwa kwa maswali matano yaleyale. La kwanza ni aina ya mafuriko inayoyaweza, yaani kama inahitaji mto wa polepole au inaweza kuhimili wa ghafla. La pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalosahaulika zaidi katika mikutano ya kupitisha bajeti, ni kinachotokea maji yakizidi kiwango ambacho wahandisi walikisia. La tatu ni gharama, na hapa haitoshi kuuliza kiasi. Ni lazima kuuliza nani anaibeba, kwa kuwa anayelipa kodi, anayepoteza shamba na anayelindwa aghalabu si mtu mmoja. La nne ni kinachoupata mto wenyewe: mashapo, rutuba, samaki. La tano ni nani inamfaa.

## Tuta: kuuzuia mto usitoke

Aina ya mafuriko. Tuta ni ukuta wa udongo au zege unaojengwa sambamba na mto ili maji yapande bila kusambaa. Linafaa mito mikubwa ya tambarare yenye mwendo wa polepole, na mfano wake mkubwa ni Mississippi nchini Marekani. Hadi mwaka 1927 wahandisi wa jeshi la nchi hiyo walishikilia sera ya matuta peke yake: mto ubanwe kila upande, nao utachimba kina chake wenyewe na kubeba maji yote. Masika ya mwaka huo matuta yalipasuka katika sehemu nyingi, likiwemo lile la Mounds Landing tarehe 21 Aprili, eneo la takriban kilomita za mraba 70,000 likafunikwa na mamia ya maelfu ya watu wakapoteza makazi.

Maji yakizidi. Hapa ndipo penye udhaifu mkuu wa tuta. Mto usio na tuta hufurika kidogokidogo, na mkazi huona maji yakimjia hatua kwa hatua. Tuta likipasuka, maji yaliyokuwa yamesimama juu ya usawa wa paa humwagika kwa mkupuo mmoja juu ya watu walioaminishwa kwamba wako salama. Tena usalama huo wenyewe huvuta wajenzi. Mwanajiografia wa Marekani Gilbert White alieleza tangu mwaka 1945 kwamba kazi za kihandisi peke yake haziwezi kupunguza hasara ikiwa watu wanaendelea kujenga katika uwanda wa mafuriko, na historia haijamsuta: mwaka 1993 zaidi ya matuta 1,000 yalizidiwa au kupasuka katika sehemu ya juu ya Mississippi na kwenye mto Missouri, na hasara ikafikia takriban dola bilioni 15.

Baada ya mwaka 1927 Marekani haikuyaacha matuta, bali iliyaongezea milango ya kutolea pumzi. Sheria ya mwaka 1928 ilileta njia za makusudi za kumwagia maji: Bonnet Carré, iliyokamilika mwaka 1931, huyaelekeza maji ya mto katika ziwa Pontchartrain kabla hayajafika New Orleans, Morganza, iliyokamilika mwaka 1954, ilifunguliwa mwaka 1973 na tena mwaka 2011. Mwezi Mei wa mwaka huo wa 2011 jeshi lilifikia hatua ya kulipua kwa baruti tuta la Birds Point, likazamisha zaidi ya hekta 50,000 za mashamba ya Missouri ili kuupunguzia mji mdogo wa Cairo, katika jimbo la Illinois, shinikizo la maji.

Gharama na anayeibeba. Tuta lina gharama ya kulijenga na gharama isiyokwisha ya kulitunza, kwa maana shimo la mnyama, mzizi wa mti au mchimbaji wa mchanga mmoja anaweza kulifanya la kilomita 100 lisiwe na maana. Wanaolindwa ni walio nyuma yake. Wanaolipa zaidi ya kodi ni wa ng'ambo ya pili na wa chini, ambao maji yaliyobanwa huwafikia yakiwa juu zaidi. Tarehe 29 Aprili 1927 wakubwa wa New Orleans waliruhusiwa kulipua tuta la Caernarvon ili kuuokoa mji wao; waliozama ni wavuvi na wategaji wa wanyama wa wilaya jirani, fidia yao ikawa ndogo na ya kubishaniwa, na ulipuaji wenyewe ukaonekana baadaye kuwa haukuhitajika, kwa kuwa matuta ya juu yalikuwa yakipasuka yenyewe.

Mto wenyewe. Mashapo ambayo yangetandazwa mashambani husukumwa hadi baharini. Pwani ya Louisiana imepoteza takriban kilomita za mraba 5,000 za ardhi tangu miaka ya 1930, na mto uliofungiwa, usioweza tena kuilisha delta yake kwa udongo, ni miongoni mwa sababu kuu. Hata njia za kumwagia maji zina madhara yake: Bonnet Carré ilipofunguliwa mara mbili mwaka 2019, maji yasiyo na chumvi yaliyofika pwani kwa wingi yaliua chaza na kuwakosesha wavuvi riziki.

Inamfaa nani. Mji mkubwa ambao tayari umekwishajengwa uwandani na hauwezi kuhama, chini ya mamlaka yenye fedha ya matengenezo ya kila mwaka, si ya ujenzi tu. Asiye na uhakika wa fedha hiyo ya pili afikiri mara mbili, kwa sababu tuta bovu ni hatari kuliko kutokuwa na tuta.

## Bwawa: kuyaweka maji akiba

Aina ya mafuriko. Bwawa hukata kilele cha mafuriko kwa kushikilia maji juu na kuyaachia taratibu. Linaweza mafuriko ya msimu na hata ya siku chache, mradi maji yenyewe yanatoka juu ya bwawa. Sharti hilo linaonekana dogo, lakini ndilo lenye uzito. Bwawa la Three Gorges kwenye mto Yangtze, lililoanza kujengwa mwaka 1994 na kuanza kujazwa mwaka 2003, limetengewa nafasi ya mita za ujazo bilioni 22.1 kwa ajili ya mafuriko. Agosti 2020 liliingiwa na maji ya mita za ujazo 75,000 kwa sekunde, kiasi kikubwa kuliko chochote tangu lijengwe, likaachia chini ya mita 50,000. Lakini kiangazi hichohicho jiji la Chongqing, lililo juu yake, lilizama katika sehemu za kando ya mto, na eneo la ziwa Poyang, linalopata maji kutoka mito inayoingia chini yake, nalo lilifurika. Bwawa hulinda kipande cha mto, si mto mzima.

Maji yakizidi. Kuna matatizo mawili, la kawaida na la nadra. La kawaida ni kwamba bwawa likijaa, milango hufunguliwa, na watu wa chini hupata mafuriko yenye sura ya uamuzi wa ofisini. Bwawa la umeme hutaka kujaa, bwawa la mafuriko hutaka kuwa tupu. Linaloombwa kufanya kazi zote mbili huwa na meneja ambaye kila mwanzo wa msimu wa mvua hulazimika kumkosea mmoja. Tatizo la nadra ni bwawa kubomoka. Agosti 1975, mabaki ya kimbunga Nina yaliponyesha mkoani Henan, China, bwawa la Banqiao lilibomoka pamoja na mengine mengi ya bonde lile. Makadirio ya waliokufa huanzia 26,000 na kuvuka 100,000 wakihesabiwa waliouawa na njaa na maradhi yaliyofuata. Bwawa likibomoka, linaweza kuua maelfu katika usiku mmoja.

Gharama na anayeibeba. Ni njia ghali kuliko zote kujenga, ingawa umeme na maji ya umwagiliaji huweza kurudisha sehemu ya fedha, na hiyo ndiyo hoja inayoyafanya mabwawa yapate wakopeshaji. Mzigo mzito hubebwa na wanaohamishwa. Three Gorges iliwaondoa zaidi ya watu milioni 1.2, Kariba, kwenye Zambezi, iliwaondoa Watonga wapatao 57,000 mwishoni mwa miaka ya 1950, Bwawa Kuu la Aswan liliwaondoa Wanubi wapatao 100,000 wa Misri na Sudan. Wote hao hawakuhamishwa kwa ajili ya usalama wao wenyewe. Walitolewa ili wengine walindwe au wawashiwe taa.

Mto wenyewe. Aswan, lililokamilika mwaka 1970, ni mfano ulio wazi. Lilikomesha mafuriko ya kila mwaka ya Nile nchini Misri, likaivusha nchi hiyo katika ukame wa miaka ya 1980, na hapohapo likafungia tope lililokuwa likirutubisha mashamba tangu enzi za mafarao, kiasi kwamba mkulima sasa hununua mbolea na delta inaliwa na bahari. Ukimuuliza Mmisri kama anataka mafuriko yarudi, sidhani utapata wengi watakaokubali. Huo pia ni ukweli unaopaswa kuwekwa mezani na wanaoyalaani mabwawa yote kwa jumla.

Inamfaa nani. Nchi yenye bonde jembamba lisilo na watu wengi juu ya eneo linalohitaji kulindwa, yenye haja halisi ya umeme au umwagiliaji, na yenye mamlaka inayoweza kusimamia kanuni ya kuacha nafasi tupu kabla ya mvua hata bei ya umeme inapopanda.

## Nafasi: kuurudishia mto ulichokuwa chake

Aina ya mafuriko. Uholanzi, nchi iliyojijengea jina kwa kuyasukuma maji nyuma, ndiyo iliyogeuka na kusema kwamba matuta hayawezi kuinuliwa milele. Mafuriko ya Rhine na Meuse ya mwaka 1993, na tena ya mwaka 1995 yaliyolazimisha watu wapatao 250,000 kuhamishwa, yalizaa mpango wa kuupa mto nafasi, uliotekelezwa katika maeneo zaidi ya 30 kuanzia katikati ya miaka ya 2000 kwa gharama ya takriban euro bilioni 2.3. Lengo lilikuwa Rhine uweze kupitisha mita za ujazo 16,000 kwa sekunde unapoingia nchini badala ya 15,000, bila kuinua matuta. Mjini Nijmegen, tuta lilisogezwa nyuma mita 350, mkondo wa pili ukachimbwa na kisiwa kikatokea katikati. Nyumba zipatazo 50 zilibomolewa. Katika polda (ardhi ya chini iliyozungukwa na matuta) ya Overdiepse wakulima wenyewe walipendekeza kwamba mashamba yao yaruhusiwe kufurika kwa nadra, nao wakajengewa nyumba na mazizi juu ya vilima vya udongo. Kati ya familia 17 za wakulima, nane ndizo zilizobaki, nyingine zikalipwa na kuondoka.

Hii ni njia ya mito ya tambarare. Katika mto wa milimani usio na uwanda hakuna nafasi ya kutoa, isipokuwa kwa kazi nyingine ya jamii hiyohiyo inayofanyika juu kabisa: kupanda miti, kuziba mitaro iliyochimbwa kukausha ardhi oevu, kuweka vizuizi vya magogo katika vijito ili maji yachelewe. Hatua hizo husaidia katika mvua za kawaida na za wastani. Katika mvua kubwa kabisa, udongo ukishashiba, msaada wake hupungua.

Maji yakizidi. Hapa njia hii inazipita zile mbili zilizotangulia kwa utulivu wake. Uwanda uliopanuliwa ukijaa, maji huendelea kupanda kwa sentimita, si kwa ukuta wa maji. Julai 2021, mvua zilezile zilizoua zaidi ya watu 180 Ujerumani na takriban 40 Ubelgiji hazikumuua mtu Uholanzi. Uhodari huo usitiwe chumvi: Uholanzi iko chini zaidi, maji yalichukua muda kuifikia na watu wapatao 50,000 walihamishwa kabla, na mji wa Valkenburg, ulio kwenye mto mdogo na mwepesi wa Geul, uliharibiwa vibaya kama miji ya majirani.

Gharama na anayeibeba. Gharama kubwa ni ardhi na subira. Miaka ya mazungumzo huwa mingi kuliko miaka ya kuchimba. Anayelipa ni mwenye shamba au nyumba iliyo ndani ya eneo linalorudishwa, na haki ya njia hii hutegemea kabisa kama analipwa kwa thamani halisi na kabla ya kuondoka. Uholanzi ina halmashauri za maji zilizoanza karne ya 13, zinazochaguliwa na kutoza kodi zake zenyewe. Nchi isiyo na taasisi ya kuaminiwa namna hiyo inaweza kutumia maneno yaleyale ya kuupa mto nafasi na kumaanisha kubomoa vibanda vya maskini bila fidia. Marekani nayo ina mfano mzuri mdogo: baada ya mafuriko ya mwaka 1993, mji wa Valmeyer katika jimbo la Illinois ulihamishiwa mlimani kwa msaada wa fedha za umma na kwa ridhaa ya wakazi wake.

Mto wenyewe. Hii ndiyo njia pekee kati ya nne ambayo huuacha mto ukiwa na afya bora kuliko ulivyokuwa: mashapo hutandazwa, samaki hupata mazalia, ardhi oevu hurudi.

Inamfaa nani. Eneo la mashambani au mji ambao bado haujaumeza uwanda wake. Kila mwaka wa kuchelewa huipandisha bei, kwa kuwa nyumba mpya haziachi kujengwa.

## Tahadhari: kuyaacha maji, kuwaondoa watu

Aina ya mafuriko. Kibengali kina maneno mawili ya mafuriko: barsha, maji ya kila mwaka yanayoleta rutuba na samaki, na bonna, maji yaliyopita kiasi na kuangamiza. Taifa lenye maneno hayo mawili haliwezi kutaka kuyazuia maji yote. Baada ya mafuriko ya mwaka 1988 wafadhili walikuja na mpango wa matuta makubwa kwenye mito mikuu ya Bangladesh. Ulipingwa na wengi, wakulima na watafiti wakiwemo, ukapunguzwa. Kilichoendelea kukua ni kituo cha utabiri wa mafuriko kilichoanzishwa mwaka 1972, nyumba za vijijini zinazojengwa juu ya misingi ya udongo iliyoinuliwa, na shule zinazogeuzwa kimbilio. Julai 2020 hatua nyingine iliongezwa: Umoja wa Mataifa ulitoa dola milioni 5.2 kwa kufuata utabiri, kabla ya Brahmaputra kufika kileleni, ili familia zipate fedha za kuhamisha mifugo na vyakula badala ya kungoja msaada baada ya kuvipoteza.

Msumbiji ilijifunza kwa machungu zaidi. Mwaka 2000 mito ya Limpopo na Save ilifurika, kimbunga Eline kikaongeza maji, na watu wapatao 700 wakafa. Dunia ilitazama picha za watu waliokaa juu ya miti kwa siku kadhaa, mmoja wao akajifungua hukohuko. Miaka saba baadaye, Zambezi ilipofurika, kamati za vijiji zilizokuwa na redio, vipaza sauti na bendera ziliwaondoa watu kabla, na waliokufa walihesabika kwa makumi.

Maji yakizidi. Tahadhari haina kiwango cha usanifu cha kuzidiwa. Ina mnyororo, na hukatika pale ulipo dhaifu. Ahr ni somo kali kwa sababu ilitokea katika nchi tajiri: utabiri ulikuwepo, lakini ujumbe haukuwafikia wengi kwa wakati na kwa lugha ya kuwafanya waondoke. Mjini Sinzig wakazi 12 wa nyumba ya watu wenye ulemavu walizama usiku ule. Mfumo usiotaja nani atambeba asiyeweza kutembea haujakamilika, hata uwe na rada bora kuliko zote.

Gharama na anayeibeba. Ni njia nafuu kuliko zote. Tume ya kimataifa iliyochunguza uwekezaji wa kukabili tabianchi ilikadiria mwaka 2019 kwamba tahadhari ya saa 24 huweza kupunguza hasara kwa asilimia 30. Hata hivyo, nyumba, barabara na mazao hubaki mahali pake, na anayebeba hasara hiyo ni mkazi mwenyewe, msimu baada ya msimu. Huko Msumbiji, wengi waliohamishiwa miinukoni walirudi mabondeni kulima, kwa sababu ardhi ya juu ni kavu na ya chini ndiyo inayolisha. Hawakuwa wajinga, walikuwa wamepiga hesabu.

Mto wenyewe. Haubadilishwi.

Inamfaa nani. Yeyote aliye kwenye mto wa polepole, na hasa nchi ya chini inayopokea maji ya majirani na isiyo na bajeti ya zege.

## Kuchagua kwa kufuata hali

Ikiwa mji umekwishajengwa hadi kwenye kingo za mto mkubwa na una uwezo wa kifedha, tuta haliepukiki. Lakini lisipitishwe bila mahali palipochaguliwa mapema pa kumwagia maji na bila mkataba wa fidia uliosainiwa kabla ya mafuriko, ili anayezamishwa kwa faida ya wengine asianze kudai akiwa ndani ya hema.

Ikiwa shida ya eneo ni mbili, ukame miezi minane na mafuriko miwili, bwawa linastahili kusikilizwa, kwa masharti mawili: maji yanayofurisha yawe yanatoka juu yake, na kanuni za kufungua milango zijulikane kwa wakazi wa chini, ikiwezekana kwa ngazi za rangi zinazoeleweka redioni.

Ikiwa uwanda bado ni malisho na mashamba, huku ramani ya mji mpya ikiwa mezani, huu ndio wakati wa nafasi. Mpaka wa ujenzi unaochorwa leo ni karatasi. Utakaochorwa baada ya miaka 20 utakuwa ubomoaji.

Ikiwa maji yanatoka nchi nyingine, jambo la kwanza kununua ni takwimu: makubaliano ya kupewa vipimo vya kina cha mto na ratiba ya kufungua mabwawa ya juu. Bangladesh hutegemea vipimo vya India namna hiyo, na Msumbiji hutegemea majirani wake karibu katika kila mto mkubwa.

Ikiwa mto ni mdogo, wa milimani na wa ghafla, karibu kila kitu kilichosemwa juu ya njia tatu za kwanza hupungua nguvu. Kinachobaki ni kutojenga sehemu za chini kabisa za bonde, kupanua madaraja ili yasizibwe na magogo na magari kama yalivyozibwa kwenye Ahr, kuweka king'ora kinachosikika usiku umeme ukiwa umekatika, na kuwaonyesha watu kwa miguu yao njia ya kupanda mlimani. Tena ramani za hatari zifuate kumbukumbu ndefu: Ahr ulikuwa umeua watu wengi mwaka 1804 na mwaka 1910, lakini ramani zilizotumika mwaka 2021 hazikuyahesabu mafuriko hayo.

Na ikiwa fedha zinakuja kwa mafungu, fungu la kwanza liende kwenye tahadhari, hata kwa wale watakaoishia na tuta au bwawa. Mfumo wa tahadhari unaweza kuanza kufanya kazi kabla ya msimu ujao wa mvua, ilhali ujenzi huchukua miaka, na katika miaka hiyo mto haungoji.